Pakiti iliyorudi kutoka Kalemie

Mteja wangu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, mama tunayeuziana tangu nikipima dagaa kwa sado, alimpa nahodha wa boti mzigo mdogo aniletee. Niliupokea Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi. Ndani mna pakiti yenye jina la biashara yangu, Karabai, na picha yangu ya taa inayoning'inia juu ya mtumbwi. Nikaichana. Dagaa wamevunjika vichwa, rangi ya kutu, na mchanga ukanibaki viganjani. Mimi dagaa wangu huanikwa juu ya vichanja. Hawagusi mchanga hata siku moja. Nilikaa juu ya gunia la mtu nikalia.

Cheti cha alama ya biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kinaning'inia dukani kwangu Mwanga, miaka 3 sasa, na nilidhani nimemaliza. Mwanasheria mmoja hapa mjini ndiye aliyenifungua macho: alama ya biashara inalindwa katika nchi iliyosajiliwa tu. Ziwa letu hili lina nchi 4, na cheti changu kinaishia kwenye maji ya Tanzania. Nikauliza kuhusu ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika la miliki ubunifu, kule Harare, kwa kuwa ombi moja pale linaweza kufika nchi kadhaa. Kongo haimo.

Kilichoniuma zaidi ni Mkataba wa Paris, wa kimataifa, unaogusa alama za biashara. Sisi tumo, Kongo imo. Ukishaomba kwenu, una miezi 6 ya kuomba kwa mwenzako ukahesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Miezi yangu 6 iliisha nikiwa nabandika lebo usiku, sijui lolote. Sasa tunaomba upya Kinshasa kupitia wakala wa huko, daraja la 29, la samaki waliokaushwa, na ninakusanya risiti na orodha za mizigo ya kila boti iliyobeba dagaa wangu.

Halafu mwanasheria akaniuliza: picha hii aliichora nani?

Kaka yangu wa Ujiji, mchora mabango. Hakuna aliyemwagiza, alinichorea siku nilipopata mkopo wa kwanza. Basi, akasema, mchoro ni hakimiliki, na hakimiliki haingoji kusajiliwa. Tanzania na Kongo zote zimo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, sisi tangu 1994, kwa hiyo mchoro wa Ujiji unalindwa Kalemie tangu siku ulipochorwa. Ila mwenye haki ni kaka, na haki hiyo huhamishwa kwa maandishi.

Nilimfuata jioni ile ile. Akafungua sanduku la nguo, akatoa karatasi ya kalenda iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake kuna taa kwa kalamu ya bluu, wino umevimba pale kwenye utambi alipokandamiza, na doa la mawese pembeni. Tarehe ameiandika chini, na jina lake.

Kaka alisoma mkataba wa kunihamishia haki mara mbili kabla ya kutia sahihi. Shemeji akashuhudia. Ile karatasi ya kalenda nimemwachia yeye aitunze.