Shilingi 200 na nani anayeona

Kodi ya OTT, yaani kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, ilianza kutozwa Uganda Jumapili, tarehe 1 Julai 2018. Kila laini iliyotaka kufungua Facebook, WhatsApp, Twitter, Instagram, Viber au Skype ilitakiwa ilipiwe shilingi 200 kwa siku, 1,400 kwa wiki au 6,000 kwa mwezi, na malipo yalipokelewa kwa pesa za simu tu. Mwezi Machi Rais Museveni alikuwa amemwandikia waziri wa fedha akilalamikia lugambo, yaani umbea, la mitandaoni, Bunge likapitisha sheria, na mjadala redioni ukabaki kwenye hizo mia mbili: nani anazo, nani hana. Kazi yangu ni mitandao ya kompyuta. Bei haikuwa jambo lililoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kile ambacho mitambo inalazimika kufanya ili bei hiyo itozwe.

Kampuni ya simu haiwezi kumfungia mtu WhatsApp peke yake na kumwachia mengine bila kujua kila pakiti ya data inakwenda wapi. Katikati ya mtandao wake, kati ya minara na intaneti, kuna mtambo ambao siku zote huhesabu data na kukata bando linapoisha. Kwa ajili ya OTT mtambo huo ukaongezewa kazi: kila laini ina alama ya kuwa imelipiwa au haijalipiwa, na safari za data zinapimwa dhidi ya alama hiyo. Unaanza na swali la DNS, yaani simu inapouliza anwani ya tovuti kwa jina. Simu nyingi za mwaka ule ziliuliza swali hilo waziwazi kupitia mlango namba 53. Kisha unasoma jina la tovuti lililomo ndani ya salamu ya kwanza ya TLS, usimbaji unaolinda tovuti nyingi, ambalo kwa kawaida halisimbwi hata kama yanayofuata yote yamesimbwa. Palipo na WhatsApp, ambayo haitumii TLS ya kawaida kwa ujumbe wake, unatazama anwani za IP na sura ya mazungumzo yenyewe.

Maneno hayasomeki. WhatsApp imekuwa ikisimba ujumbe kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, na mtambo huo hauwezi kuufungua. Lakini karani wa mizigo ya basi pale Arua Park, kituo cha mabasi Kampala, naye hafungui mfuko wako, na bado daftari lake linajua umemtumia nani, mara ngapi na mzigo ulikuwa na uzito gani. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inakataza kuingilia faragha ya mawasiliano ya mtu. Hata hivyo Julai ile nchi ilikuwa bado haina sheria ya kulinda data binafsi. Muswada wa 2015 ulikuwa haujapitishwa. Hakukuwa na kifungu cha kusema daftari la namna hiyo litunzwe kwa muda gani, nani aruhusiwe kulisoma, na mwananchi alalamike wapi. Wajibu wa kutazama ulitangulia mipaka yake, na mpangilio huo nilikuwa naupinga kwa kila aliyenisikiliza.

Wiki hiyo ya kwanza nilikuwa Bombo, kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Gulu, mji wa kambi ya jeshi na wa Wanubi, ambako Kiswahili na Kinubi hupokezana barazani. Hajati mmoja mwenye kibanda cha pesa za simu aliniita nimwangalizie simu. Ilikuwa Android ya bei nafuu, moto mkononi, betri inaisha kabla ya adhuhuri. Juu ya skrini kulikuwa na ile alama ndogo ya ufunguo, ya VPN: programu inayopitisha data ya simu ndani ya njia moja hadi seva ya mbali.

"Mwanangu, inaandika imeunganishwa," aliniambia. "Kama imeunganishwa, mbona data ya elfu tano haifiki magharibi?"

VPN hiyo alirushiwa kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu, na kijana wa bodaboda, naye alirushiwa na mwenzake. Haikutoka Play Store. Mji mzima ulikuwa ukirushiana hivyo, kwa sababu VPN ikiwaka mtambo wa kampuni ya simu unaona anwani moja tu ya mbali na hauwezi kujua ndani mna WhatsApp. Tume ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba VPN nazo zitazuiwa. Kwa mtu wa mitandao hilo ni gumu kuliko linavyosikika: orodha ya anwani za VPN haina mwisho, na ukizuia aina ya muunganisho badala ya anwani, unakata pia njia ambazo benki hutumia kuunganisha matawi yao.

Nilifungua hotspoti kwenye laptopu, nikaiunganisha simu ya Hajati, nikawasha Wireshark, programu inayoonyesha kila pakiti inayopita kwenye mtandao. Namna ya kupima ni hii. Zima data ya laini kwenye simu, ibaki waifai peke yake. Washa VPN, subiri iseme imeunganishwa, kisha fungua WhatsApp na Facebook kwa dakika chache. VPN iliyotengenezwa vizuri itakuonyesha mistari inayokwenda kwenye anwani moja tu, na ndani yake hakuna neno linalosomeka. Halafu andika dns kwenye kichujio. Ukiona majina ya tovuti yanateremka, VPN inavuja.

Yaliteremka. Majina ya seva za Facebook, ya WhatsApp, ya duka la Google, yote yakienda kwa seva ya DNS ya hotspoti yangu, nje kabisa ya njia ya VPN. Sababu ni ya kawaida: mwandishi wa programu asipoiwekea seva yake ya DNS, Android huendelea kutumia ile ya mtandao uliopo. Nikabadilisha kichujio kuwa http. Hapo programu yenyewe ilikuwa ikituma kwa seva ya matangazo, bila usimbaji wowote, aina ya simu, toleo la Android, jina la kampuni ya simu na namba mbili zenye desimali nyingi. Nilizinakili namba hizo nikaziweka kwenye ramani. Ikaja barabara ya Gulu, na kipini kikasimama mita chache kutoka kwenye kibanda.

Vijana waliotoka msikitini baada ya alasiri walikuwa wamejaa nyuma yangu. Mmoja akauliza: "Injinia, kwa hiyo ni bora serikali ione kuliko hao wa nje?"

Lilikuwa swali la haki. Kampuni ya simu ina leseni, ina ofisi Kampala, inaweza kushtakiwa. Mwenye programu ile hakuwa na jina wala anwani ya posta, na sasa alikuwa anaona kila kitu ambacho kampuni ilikuwa ikiona, pamoja na mahali ulipo. Siri haikuwa imefichwa; ilikuwa imehamishwa kwa mtu usiyeweza kumwita kortini. Jambo hilo halimpi mtoza kodi haki ya kutazama bila mipaka, na niliwaambia hivyo hivyo. Utafiti wa 2016 uliopima VPN 283 za Android ulikuta asilimia 18 hazisimbi kabisa, na asilimia 75 zimebeba vifaa vya wafuatiliaji wengine. Hizo zilikuwa ni za Play Store. Ya kurushiwa kwa Xender haina hata mlinzi huyo wa mlangoni.

Kuhusu data ya elfu tano, majibu yalikuwa palepale kwenye Wireshark. Programu ilikuwa ikipakua tangazo la video kila inapounganisha upya, na ilikuwa ikikatika na kuunganisha upya mara kwa mara, jambo linalomaliza betri pia. Juu ya hapo, kila pakiti inayopita kwenye VPN huvishwa vazi la ziada la baiti 50 hivi au zaidi. Kwenye picha hulioni, kwa sababu pakiti zake hukaribia baiti 1,500. Kwenye simu ya sauti ya WhatsApp pakiti ni ndogo, baiti mia na kitu, na vazi hilo linakuwa sehemu kubwa ya mzigo. Mtu aliyekimbia mia mbili alikuwa analipa zaidi ya mia mbili kwa bando.

Lakini kilichonifanya niache laptopu na kuishika simu kilikuwa ukurasa wa ruhusa. VPN haihitaji kusoma SMS, wala majina ya watu, wala mahali ulipo. Hii ilikuwa na zote tatu. Na laini ya uwakala ilikuwa ndani ya simu ileile.

"PIN yangu wameiona?"

"PIN haiandikwi kwenye SMS, Hajati. Na ile menyu ya nyota na reli haipiti kwenye intaneti, inapita njia ya simu yenyewe, VPN haiigusi. Lakini kila muamala unapokwisha unapokea ujumbe. Usome."

Akausoma: jina la mteja, namba yake, kiasi, salio. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuwataja kwa majina wateja wa asubuhi ile.

Tuliisafisha kwa utaratibu ambao hadi leo sijauona mwingine bora kwa simu ya kibanda. Zima VPN, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua VPN, isahaulishe. Nenda kwenye programu, ondoa ruhusa zote kwanza, ndipo uifute. Kitufe cha kufuta kikiwa kimefifia, programu imejifanya msimamizi wa kifaa: ingia kwenye usalama, tafuta wasimamizi wa kifaa, itoe hapo, kisha rudi uifute. Ya Hajati ilikuwa hivyo. Funga ruhusa ya kusakinisha kutoka vyanzo visivyojulikana, maana ikibaki wazi kesho atarushiwa nyingine. Badilisha PIN kwa vyovyote vile, kwa sababu programu ya namna hiyo, ikipewa ruhusa, inaweza kuchora kioo chake juu ya skrini na kunasa unachobonyeza. Mwisho, toa laini ya uwakala uiweke kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe. Uwakala unahitaji menyu na SMS tu; kitochi kinazo, betri inakaa siku kadhaa, na hakuna wa kukirushia kitu.

Kwa WhatsApp yake nilimshauri alipe kodi. Simu ya biashara imebeba habari za watu wengine, na si haki kuzihatarisha kwa kukwepa mia mbili.

Daftari la kibanda nalo lilikuwa wazi mezani, kila mteja akiona mstari wa aliyemtangulia: jina, simu, saini, namba ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 14. Huanza na C ya raia, inafuata M au F kwa jinsia, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Anayejua kuisoma anapata umri wako kabla hajakuona. Hajati alikata boksi la sabuni, akaacha uwazi wa mstari mmoja, akaanza kulifunikia daftari siku ileile. Katika yote tuliyofanya pale, hilo ndilo lililokuwa rahisi zaidi, na vibanda vingi hadi leo havijalifanya.

Vijana waliotaka VPN yao nilifanya nao hesabu. Mwezi Machi mwaka uleule Jigsaw, kampuni dada ya Google, ilikuwa imetoa Outline, programu ya kujiwekea seva yako mwenyewe. Seva ndogo ya kukodi ilikuwa dola 5 kwa mwezi, kama shilingi 19,000 kwa thamani ya siku zile. Wakigawana watano ni 3,800 kila mmoja. Sharti ni moja: aliyekodi seva ndiye sasa aliye katikati, kwa hiyo awe mtu mnayemjua nyumbani kwao. Mwezi uliofuata, Agosti, Onavo, VPN ya bure iliyomilikiwa na Facebook, iliondolewa kwenye duka la Apple kwa kukusanya data za watumiaji kinyume cha masharti. Jina kubwa nalo si dhamana.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ilikuja Februari 2019. Inamtaka anayekusanya data akueleze sababu, achukue kinachohitajika tu, na asiipeleke nje ya Uganda mahali pasipo na ulinzi unaolingana au bila ridhaa yako. Ingekuwepo kabla ya OTT, mjadala wa mia mbili ungekuwa mwingine.

Julai 2021 OTT ilifutwa na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Wengi waliona ni kodi ileile kwa jina jipya, na kwa mfuko wapo walioumia zaidi. Kiufundi naona tofauti kubwa, na bado naitetea: kuhesabu megabaiti hakuhitaji kujua zinakwenda wapi. Kasoro ni msamaha uliowekwa kwa data ya huduma za tiba na elimu, kwani kumtambua anayesoma au anayetibiwa mtandaoni kunarudisha kutazama kulekule.

Na mtambo wa katikati haukuondolewa. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, baada ya Facebook kufuta akaunti zilizohusishwa na serikali, mitandao ya kijamii ilizimwa, kisha intaneti yote. Intaneti ilirudi baada ya siku chache. Facebook imeendelea kufungiwa miaka iliyofuata. Anayeuza nguo kwenye Facebook kutoka Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala, bado anapita kwenye VPN, na akiniletea simu naanza na ukurasa wa ruhusa kabla ya kitu kingine. Ikiomba SMS, inafutwa palepale, hata kama inafanya kazi vizuri.