Tulivyoenda Southwell kuona mti wa Bramley

Kutoka Nottingham mjini mpaka Southwell ni basi moja tu, unakaa juu unaangalia mashamba mpaka usingizi unakuja, na aliyening'ang'ania twende ni shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Njombe, maana yeye ni mtu wa parachichi na nilipomwambia kuna kamji hapa jirani ndiko lilikotokea epo la kupikia la Waingereza, Bramley, akasema shem hapo lazima nifike.

Kanisa kuu la pale tulipita fasta, ingawa yale majani yaliyochongwa kwenye mawe tangu karne ya 13 ni balaa, shemeji alikuwa anayatambua moja moja. Halafu tukashuka Church Street. Kanyumba kapo, kibao kipo, ila mti wenyewe uko bustanini nyuma na hapaingiliki ovyo, Chuo cha Nottingham Trent ndio waliokuwa wanauangalia tulipoenda. Umezeeka na una ugonjwa wa kuvu kwenye mizizi. Mwaka 1900 upepo uliuangusha kabisa ukachipua upya kutoka pale pale ulipolala!

Stori iko hivi. Mwaka 1809 binti anaitwa Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha hapo kwao, akakua, akaolewa, akahama. Mwaka 1846 nyumba ikanunuliwa na mwenye bucha, Matthew Bramley. Mwaka 1856 akatokea kijana wa miaka 17, Henry Merryweather, kwao walikuwa na kitalu cha miche, akayapenda yale matunda akaomba vikonyo, vile vijiti vya mti, akabebeshe, yaani aviunge kwenye miche mingine. Bramley akamwambia chukua, ila liitwe kwa jina langu. Basi, ikawa hivyo. Kwenye hesabu za Merryweather, tarehe 31 Oktoba 1862, kuna mauzo ya Bramley matatu kwa shilingi 2 kwa bwana mmoja wa Upton Hall, hapo hapo jirani. Na Mary Ann alishafariki 1852, hajui lolote.

Mimi hiyo ilinikera kweli. Mtu hakupanda hata mbegu moja, alikuwa na nyumba tu!

Shemeji akanituliza kidogo. Akasema shem, mbegu ya epo haizai mama yake, ukipanda kumi unapata vitu kumi tofauti, na mingi inatoa matunda ya hovyo, kwa hiyo ukitaka lile lile unabebesha. Maana yake kila Bramley unayoiona sokoni imetoka kwenye ule mti mmoja, kikonyo kwa kikonyo, bila yule kijana na kisu chake ingekufa na bustani yake. Sawa, nikamwambia, basi si lingeitwa Merryweather?

Tukanunua machache. Ni makubwa, ya kijani, yamebonyea kidogo juu na chini, na shemeji hakusikia, akang'ata bichi pale pale barabarani, jamani ule uso! Ni kali kama embe changa bila chumvi. Ukiipika ndio unaielewa, vipande vinafumuka vyenyewe vinakuwa uji mzito mweupe, ukali unabaki, sukari unaweka wewe. Tulikula iliyookwa na unga wa siagi juu, na kastadi ya moto, tukaongeza.

Hapo mezani akaanza habari za parachichi zake, aina ya Hass. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa posta California, akaandikisha hati miliki ya lile parachichi mwaka 1935, ila yeye angalau mbegu aliipanda mwenyewe, kwa hiyo jina ni halali yake, ndio hukumu ya shemeji. Kwa Bramley akasema hapana, huyo kabebwa.

Tunasubiri basi la kurudi akampigia mama yake. Wana parachichi moja kubwa nyuma ya jiko, tamu balaa, mtaa mzima wanaiita parachichi ya Mwalimu, yaani baba yao.

"Mama shikamoo. Hivi ule mparachichi baba aliupanda lini?"

"Baba yako? Sisi tumehamia tumeukuta."