Redio Mpya Katika Gari la Zamani

Kabla ya kununua redio mpya nilipima nafasi iliyomo kwenye dashibodi, kwa kuwa redio nyingi za magari zina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50 au 100. Ugumu uko kwenye nyaya. Katika redio nyingi za kununua, waya wa manjano hupokea umeme wa betri wakati wote ili stesheni zilizohifadhiwa zisifutike, mwekundu hupata umeme ufunguo unapozungushwa, na mweusi huungwa kwenye bodi ya chuma ya gari. Lakini rangi za nyaya za gari lenyewe huweza kutofautiana, hivyo nilizipima kwa mita ya umeme, na betri ikitenganishwa kila nilipounga. Spika nazo zilibadilishwa, maana kingo zake za sponji zilikuwa zimeoza na kumeguka vidoleni, na spika ya namna hiyo hukoroma hata ikipewa redio bora.