Pikapu iliyogoma kuzimika: kumbukumbu ya kubadilisha wayaringi

Siku ya 1 na ya 2

Pikapu yangu ni ya mwaka 1976: petroli, kabureta, platini (zile ncha za chuma zinazogusana na kuachana ili kukata na kuunga umeme wa cheche za plagi). Wayaringi ninayoiweka nimeitoa kwenye pikapu ya jamii ileile iliyoundwa miaka kumi baadaye, pamoja na kisanduku chake cha fyuzi na alteneta yake, ile inayochaji betri. Waya za zamani zimekauka mpaka ukizikunja ganda linapasuka kama la karanga. Tena kila aliyewahi kuimiliki ameongeza yake: ya redio, ya honi ya pili, ya taa za ukungu ambazo hazipo tena. Nimehesabu viungo 17 vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu.

Kabla ya kukata chochote nilipima volti na kuandika daftarini, betri ikiwa na 12.5 na injini haijawashwa. Kwenye taa kubwa nilipata 10.4. Kwenye koili, ile inayokuza volti ili plagi zitoe cheche, platini zikiwa zimegusana, nilipata 6.3. Pembeni ya namba zote mbili nikaandika "waya mbovu". Moja nilipatia. Nyingine ilinitoa jasho, nitafika huko.

Kwenye lebo nimeandika waya inakokwenda, si rangi yake. Baada ya miaka yote hiyo bluu, kijani na kijivu zimekuwa rangi moja.

Siku ya 4

Kupitisha fungu zima kwenye ukuta wa injini. Tundu la zamani ni dogo, nimelipanua kwa tupa, nikapaka rangi kingo na kuweka mpira ili bati lisije likakata waya. Nusu siku imeishia hapo na sina la kusimulia zaidi.

Siku ya 5

Taa kubwa. Zamani umeme wote wa taa ulipita kwenye swichi ya dashibodi: unatoka betri, unaingia kebini, unapita swichi, kisha unarudi mbele. Balbu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9, na waya ndefu na nyembamba yenye swichi iliyochakaa zinakula volti mbili njiani. Volti mbili si kidogo, kwa sababu mwanga wa balbu hushuka haraka kuliko volti: ukipunguza volti kwa asilimia 10 unapoteza karibu theluthi moja ya mwanga.

Wayaringi mpya ina rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme badala ya mkono. Swichi sasa inaamsha rilei tu, kwenye pini 85 na 86, kwa umeme mdogo sana. Mzigo wenyewe unapita pini 30 kwenda 87 kwa waya nene na fupi. Nimepima kwenye balbu: 12.1. Namba ya kwanza ya daftari imepata jibu. Usiku niliziwasha nikakaa nazitazama ukutani kama mtu anayeangalia sinema.

Siku ya 7

Siku ya kuwasha. Alteneta mpya ina regyuleta yake (kidhibiti cha volti za kuchaji) ndani, kwa hiyo kile kisanduku cha regyuleta kilichokuwa ukutani nimekiondoa. Waya nene ya kuchaji sasa inakwenda moja kwa moja betri kupitia fyuzi kubwa, haiingii tena dashibodini kupita kwenye geji ya ampea. Geji ile ina mwisho wa ampea 30 na alteneta hii inaweza kutoa 60, na sitaki umeme wa namna hiyo uzunguke nyuma ya magoti yangu. Mshale wake utabaki umelala kwenye sifuri.

Kulikuwa na waya moja nyembamba kutoka alteneta ambayo kwenye gari lake la asili inapita taa ndogo ya kuonya kuchaji. Dashibodi yangu haina taa hiyo. Nikaona hamna neno, nikaiunga moja kwa moja kwenye umeme wa swichi.

Iliwaka mara ya kwanza. Kuchaji, volti 14.1. Nikampa mdogo wangu mkono. Kisha nikazima swichi, nikachomoa ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba haikuniona.

"Kaka, mbona haizimi?"

Alikuwa ameshashika spana akimbilie betri. Nikampigia kelele aache. Ukichomoa betri alteneta ikiwa inazunguka na kuchaji, volti zinaweza kuruka juu na kuiua. Nikaingiza gia ya nne, nikakanyaga breki kwa nguvu, nikaachia klachi. Ikatikisika, ikafa.

Nilikaa na kalamu mpaka nikaelewa. Waya ile nyembamba inafanya kazi pande mbili. Wakati wa kuwasha inapeleka umeme kidogo kuiamsha alteneta. Alteneta ikishaanza kuzunguka, ncha hiyohiyo inatoa umeme. Swichi ilikuwa imezimwa, lakini alteneta ilikuwa inailisha koili kwa mlango wa nyuma. Taa ya kuonya inafanya zaidi ya kuonya: ndiyo kizuizi. Balbu ya wati 2 haipitishi hata robo ampea, na koili haiwezi kufanya kazi kwa kiasi hicho.

Nimetoboa tundu chini ya ile geji iliyokufa na kufunga taa nyekundu ya wati 2. Sasa ufunguo ukizimwa, injini inazimika.

Siku ya 8

Baada ya dakika 20 za kuunguruma nilishika koili nikaondoa mkono haraka. Pima: 12.2. Nikafungua daftari, nikaiona ile 6.3 na maneno yangu "waya mbovu".

Haikuwa mbovu. Nilikwenda kuichambua kwenye rundo la waya za zamani nikaikuta, ya rangi ya waridi, sawa na nyingine zote kwa macho, ila mita inasoma omu 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Ni waya ya ukinzani, yaani inayobana umeme usipite mwingi, iliyofichwa makusudi ndani ya fungu ili kuilinda koili na platini. Koili yangu nayo ni omu 1.5, kwa hiyo walikuwa wanagawana volti nusu kwa nusu. Wayaringi mpya ilitengenezwa kwa injini yenye mfumo wa elektroniki usio na platini, haina waya hiyo. Kwa siku nzima nilikuwa naipitishia koili mara mbili ya umeme wake, na nilipofungua disitribyuta, zinakokaa platini, zilikuwa zimeanza kuwa na mashimo meusi.

Nimefunga rezista ya kauri ya omu 1.5 kwenye ukuta, mbali na plastiki kwa sababu inachemka. Kutoka kwenye stata nimevuta waya inayoiruka rezista wakati wa kupiga stata tu, kama ilivyokuwa zamani. Platini mpya, na daftarini nimefuta lile neno.

Siku ya 9

Taa za nyuma. Nikikanyaga breki na kuwasha indiketa ya kushoto, taa zote za upande huo zinafifia kwa pamoja kila indiketa inapowaka. Hiyo ni ethi, yaani mahali taa inapogusa bodi ili umeme urudi betri. Kulia nimekwangua rangi mpaka chuma kinang'aa na kumepona. Kushoto boliti imegoma kabisa. Nimeimwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha ilale nayo.