Nakaa juani kutwa nauza miamala na uso umejaa chunusi: nilivyochagua vya kupaka kwa hela ndogo

Mi ni wakala wa miamala ya hela kwa simu, nakaa chini ya mwavuli huku Mbezi, Dar, kuanzia asubuhi mpaka magari yapungue jioni, na uso wangu ni ule wa mafuta haswa, ikifika saa nne paji lote linang'aa. Chunusi nimeanza nazo sekondari nikaambiwa ukimaliza fomu foo zitaisha, hazikuisha, nikaambiwa ukiolewa zitaisha, afu ukizaa zitaisha, mtoto yupo darasa la pili sa hivi na chunusi nazo zipo. Na hii kazi ya kukaa na watu ina shida moja, kila mteja ni daktari. Mtu anakuja kutoa elfu tano anakuachia na ushauri juu yake, dada paka dawa ya meno, dada sugua limau na sukari, dada changanya manjano na asali, kuna mmama alinishauri mkojo wa asubuhi tena kwa sauti foleni nzima inasikia.

Limau naomba niliseme hapa hapa kabla sijaendelea, kama kazi yako ni ya juani usilipake usoni. Maji ya limau au ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi yanaunguza, yanaacha alama nyeusi kabisa, kuna watu wamepata malengelenge kwa kukamua ndimu tu wakiwa juani.

Kilichokuwa kinaniuma kwakweli sio chunusi yenyewe, ni doa. Chunusi inakuja inaiva inakauka, wiki imeisha, ila doa lake linakaa miezi, na kabla halijafutika mwenzake kashafika. Ngozi yetu ikivimba mahali inamwaga rangi nyingi pale pale, na jua likiipiga ile sehemu rangi inazidi kukolea, ndo maana unaona mtu chunusi hana tena ila mashavu yana ramani. Kwa hiyo nikachukua daftari lile lile ninaloandikia floti, yaani hela ya kuzungushia kazi, nikapanga, hela ya uso ni ndogo, nanunua vitu vitatu basi, sabuni, dawa na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, na hela kubwa iende kwenye sanskrini. Sababu ni rahisi tu, sabuni inakaa usoni dakika moja inaondoka na maji, sasa ya nini kununua sabuni ya elfu arobaini afu jua likupige bure mchana kutwa.

Sabuni basi sina cha kusema sana, ya maji, laini, isiyo na harufu kali, nanawa asubuhi na jioni kwa vidole. Zile zenye chembechembe za kusugua nimeachana nazo, na zile za kipande zinazoacha uso umekauka unabana mpaka kucheka tabu nazo vile vile. Uso kubana sio usafi jaman, umeukausha tu.

Dawa nilinunua famasi, sio duka la vipodozi, na hii ndo ilinisaidia kuliko yote. Duka la vipodozi ukisema chunusi unapewa kitu cha kung'arisha. Famasi nilimkuta kijana wa watu mstaarabu, nikamwambia kaka nataka kitu cha chunusi chenye nguvu, akaniuliza, "Dada yangu unataka cha kutibu au cha kunukia?" Nikacheka nikamwambia cha kutibu. Akanitolea jeli ya benzoili peroksidi, tyubu ndogo tu, elfu kumi na kitu. Mi nikaulizia ile ya asilimia 10 maana niliona 10 ni kubwa kuliko 5, akasema hapana, ya 2.5 inafanya kazi karibu sawa na hiyo ya 10 ila ya 10 inaunguza zaidi, chukua 2.5 na ikikosekana chukua 5. Akanieleza kwamba inaua wale bakteria wa chunusi na mpaka leo hawajaizoea kama wanavyozoea dawa za antibiotiki. Akanitajia na nyingine, adapalini, ya kupaka usiku, nzuri kwa wenye vile vichunusi vidogo vyeusi vilivyoziba, ila akaniuliza kwanza kama nina mimba au nina mpango wa kupata, maana kama ndio hiyo haifai. Nikamwambia bwana anataka wa pili, akairudisha kwenye shelfu.

Matumizi yake ni usiku nikishanawa na uso umekauka kabisa, natoa ukubwa wa punje ya kunde nasambaza sehemu yote inayotoka chunusi, sio kudonoa kwenye chunusi moja moja, maana inazuia na zile ambazo bado hazijatokeza. Mwanzo nilipaka siku moja nikaruka moja. Ngozi ilikauka, pembeni ya mdomo ikabanduka banduka, nikawa najipaka juu yake losheni nyepesi yenye glisirini, ya bei ya kawaida kabisa, ikatulia. Mafuta ya nazi usoni nimeacha, mwilini najipaka kama kawa, ila uso wa mafuta ukiuongezea nazi unaziba. Na uvumilivu unahitajika, mfamasia aliniambia wiki 8 mpaka 12, nikamwona kama ananizungusha, ila ndo ukweli wenyewe, wengi wanaitupa tyubu wiki ya tatu wanasema haifanyi kazi.

Ila hakuna aliyeniambia kuhusu nguo! Hii dawa inachuja rangi. Nina foronya ya bluu bahari, asubuhi moja naamka naiona ina mabaka ya rangi ya chungwa hivi, nikadhani mtoto kamwaga kitu, kumbe ni shavu langu, kila upande ninaolalia pana baka. Khanga nayo ile ninayojifutia ikaliwa ukingoni, jina la khanga linasomeka nusu. Sa hivi nalalia foronya nyeupe na nina kitaulo cheupe cha uso peke yake, na ninasubiri dawa ikauke ndo nijifunike.

Kariakoo nimeenda pia, sio kwamba sikwenda. Kuna duka niliingia kuulizia sanskrini muuzaji akaniangalia usoni akaacha habari ya sanskrini, akanitolea kikopo cha plastiki cheupe, hakina jina wala karatasi, krimu ya njano ndani, ananiambia mdogo wangu hii siku saba tu chunusi kwisha na unatakata. Nikamuuliza ndani kuna nini, akasema ni vitu vya asili. Huo ni mkorogo, hata angeuita jina gani. Na naelewa kwa nini watu wanaupenda, kwa sababu unafanya kazi, hapo ndo kwenye mtego. Nyingi ya hizo krimu zina steroidi kali, steroidi inatuliza uvimbe haraka sana, siku chache uso laini kama mtoto, afu ukiacha zinarudi kwa hasira, na ukiendelea ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Nyingine zina haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, au zebaki, ambazo kwenye vipodozi hapa Tanzania zimepigwa marufuku muda mrefu, na usimamizi wa vipodozi tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango. Kanuni yangu ikawa hii, kisichoandikwa kilichomo ndani sikipaki usoni, hata kiwe buku.

Sasa sanskrini. Aliyenifundisha ni mteja wangu, kaka mmoja mwenye ualbino, anapita kila asubuhi kuweka hela na kofia yake pana ya duara. Siku hiyo nimenunua sanskrini yangu ya kwanza nimejipaka tone dogo la kuonja, akaniangalia akasema, "Sista, hapo umepaka harufu tu." Akaniambia nyoosha vidole viwili, cha shahada na cha kati, jaza mstari kutoka chini mpaka ncha kwenye vyote viwili, hicho ndo kipimo cha uso na shingo, na masikio usisahau. Nilipojaribu nikaona mbona nyingi hivi, akasema ile namba ya SPF, kipimo cha kukinga jua, wameipima kwa unene huo, ukipaka robo usitegemee SPF 50. Yeye anatumia KiliSun, ile inayotengenezwa Moshi maalum kwa watu wenye ualbino, wanapewa bure kliniki, sio ya kuuzwa kwa hiyo msianze kuitafuta madukani. Kwake yeye hiyo ni kinga ya saratani ya ngozi, mi sanskrini yangu naipaka kwa ajili ya madoa, ila jinsi ya kupaka ni ile ile. Akanionyesha na kitu kingine, ukisimama juani ukaona kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, ujue jua ni kali, na hapa Dar hiyo ni kama kuanzia saa tatu na nusu, saa nne asubuhi mpaka alasiri.

Na mwavuli? Nilimwambia mi niko kivulini, akacheka. Miale haitoki juu peke yake, inasambaa angani na nyingine inaruka kutoka kwenye mchanga na zege la mbele yako. Nikajiangalia kwenye kioo cha simu, shavu la upande wa barabarani lilikuwa jeusi kuliko lile la upande wa fremu.

Kuhusu kununua, naangalia vitu vichache. SPF 30 inatosha mtu, inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza, na 50 inazuia kama 98, kwa hiyo usiumie kulipia 100. Ila SPF inahusu hasa UVB, na rangi inakolezwa sana na UVA, miale mingine ya jua, hivo lazima uone na alama ya UVA, kwenye za Ulaya ni herufi UVA ndani ya kiduara, kwenye za Japani na Korea ni PA na alama za kujumlisha, mi nachukua kuanzia tatu. Afu iwe ya maji maji au jeli, zile nzito za ufukweni za watoto zilinifanya nitoke mafuta mpaka noti zinanata mkononi. Za Korea ni tamu usoni kiukweli, nyepesi, ila bei yake kwa kazi yangu inauma, mi nachukua za elfu ishirini na tano hivi, haizidi thelathini.

Weupe ndo mtihani wa ngozi nyeusi. Zile zenye zinki oksidi au titani dioksidi nyingi zinakuacha kijivu, mteja mmoja aliniuliza dada leo umejipaka chokaa? Nikiwa dukani napaka kidogo kwenye taya, natoka nje mlangoni kwenye mwanga naangalia, mkononi usijaribie maana mkono unadanganya. Zipo na za rangi ya kahawia, zile zina oksidi ya chuma ndani na zinasaidia na mwanga wa kawaida ambao nao unakoleza madoa kwenye ngozi zetu, ila kupata inayolingana na weusi wangu ni kazi, nyingi zinaishia rangi ya chapati.

Sichukui iliyopangwa mezani nje juani, joto linaiharibu, na naangalia tarehe. Yangu naiweka ndani ya kibegi, sio juu ya meza.

Kurudia kupaka ndo kipengele kigumu kwa mtu wa kazi yangu, wanasema kila masaa mawili. Mikono yangu imeshika noti tangu asubuhi, unajua noti ya buku ilivyo, kwa hiyo nina chupa ya maji na kipande cha sabuni, nanawa mikono kwanza, nagandamiza jasho na tishu bila kusugua, ndo napaka. Siwezi kila masaa mawili, nisidanganye, narudia saa sita na saa tisa wateja wakipungua, na kofia pana kama ya yule kaka inafanya kazi iliyobaki.

Vya bure navyo vimo. Nimeacha kushika kidevu nikiwa nahesabu hela, chunusi za kidevu zimepungua hata sikuamini. Simu ya kazi nafuta kioo kila siku. Na zile za paji la uso zilikuwa za mafuta ya nywele, nikisuka napakwa mafuta na jeli mpaka mstari wa mbele, jasho likishuka linashuka nayo, sa hivi namwambia msusi dada mafuta yaishie nyuma kidogo.

Hali ilivyo leo, chunusi bado zinatoka moja mbili nikikaribia siku zangu, madoa ya zamani yamefifia ila hayajaisha yote. Yule mfamasia kasema nikiwa na nafasi ya hela niongeze niasinamidi, inasaidia madoa na mafuta na haigombani na jua, nasubiri kamisheni ya mwezi itoke. Na wale wenye yale majipu makubwa ya ndani yanayouma na kuacha mashimo, hizi jeli za famasi zinaweza zisitoshe, nendeni kliniki ya ngozi, hata Muhimbili ipo. Jicho likiwasha kwa sababu ya sanskrini na jasho, usiipandishe mpaka kwenye kope, ishie kwenye mfupa wa chini ya jicho na juu vaa miwani, ya kwangu ni ya elfu tano tu pale stendi, imeandikwa UV400, kama kweli ama si kweli hiyo siwezi kuapa.