Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa kemikali kwenye nchi ya dhahabu

Nikimwambia mtu nafanya kazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, swali la kwanza huwa ni DNA. "Kwa hiyo ninyi ndio mnaotuambia mtoto ni wa nani?" Wenzetu wa vinasaba wapo, na habari zao zinasomwa kweli. Mimi niko upande usiovuma: kemikali za viwandani na majumbani, chini ya Sheria Na. 3 ya mwaka 2003. Ukiingiza kemikali, ukiihifadhi, ukiisafirisha au ukiiuza, unatakiwa usajiliwe, uwe na vibali, na mkaguzi akija umfungulie stoo. Mkaguzi ndiye mimi. Hii hapa ni Jumanne moja ya hivi karibuni, Kanda ya Ziwa.

Saa 11 alfajiri

Mwanza bado giza. Nyuma ya gari kuna fomu, glavu, barakoa za vichujio, karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi), boksi la chupa za sampuli, na chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba refu. Dereva anakiita "birika lako". Jina lake ni retoti, chungu cha kunasia mvuke wa zebaki, na leo ndicho kifaa ninachokitegemea kuliko fomu zote.

Daraja la Kigongo–Busisi tunalivuka kwa dakika chache. Kabla halijafunguliwa Juni 2025 tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko, na ratiba ya ukaguzi wa siku nzima ilipangwa na foleni hiyo, wala si mkuu wangu wa kazi. Sengerema tunakunywa chai na chapati za moto. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa 3 asubuhi

Kituo cha kwanza ni eneo la kuchenjulia dhahabu kwa sayanaidi, nje kidogo ya mji wa Geita. Mwenye mali ametandaza kila kitu mezani kabla sijaketi: cheti cha usajili, kitabu cha stoo, karatasi za taarifa za usalama. Watu wa sayanaidi siku zote wako hivi. Wanaijua. Robo ya gramu inatosha kumuua mtu mzima, na kila kijana aliye pale amesikia habari ya mtu aliyekufa kabla hajafikishwa zahanati. Hofu imewafundisha adabu kuliko sisi wakaguzi.

Ninaanza na chokaa. Sayanaidi ya sodiamu ikiwa ndani ya maji yenye chokaa ya kutosha, pH juu ya 10, inatulia humo na kufanya kazi yake ya kuyeyusha dhahabu. pH ikishuka inaanza kutoka kama gesi, na gesi ile haikupi muda wa kuuliza imetoka wapi. Nachovya karatasi tangi la kwanza, la pili, la tatu: rangi ni ya buluu iliyokolea. Vizuri. Asidi iko stoo nyingine, upande wa pili wa uzio, imefungwa kwa kufuli yake. Vizuri pia.

Halafu naona mtungi wa kuzimia moto mlangoni mwa stoo ya sayanaidi. Mwekundu, mpya, umeandikwa tarehe ya ukaguzi, na ndani una kaboni dayoksaidi. Namuuliza msimamizi, moto ukiwaka hapa utafanyaje? Anaonyesha kwa mikono jinsi ya kuchomoa pini. Namweleza kwamba kaboni dayoksaidi ikikutana na unyevu inageuka asidi hafifu, na asidi, hata hafifu, ndiyo inayoifukuza sayanaidi itoke kama gesi. Angekuwa anazima moto huku anatengeneza sumu. Hapa unafaa mtungi wa unga mkavu. Amenyamaza, kisha akaung'oa ukutani yeye mwenyewe akauhamishia ofisini. Nikaandika.

Saa 5 asubuhi

Hesabu ya mapipa. Kitabu kinasema pipa 12 zimefunguliwa tangu ukaguzi uliopita. Kwenye banda la mapipa matupu kuna 9. Hesabu hii huwa naifanya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuniaga, kwa sababu stoo kila mtu ataipanga ukija, ila takataka hakuna anayezikumbuka.

Baada ya kuulizana sana, mlinzi akasema mawili yaliuzwa kwa fundi wa kuchomelea na moja alilichukua jirani wa kuhifadhia maji. Maji! Tumekwenda kwa jirani kwa miguu. Pipa tumelikuta uani chini ya bati la mvua, limesuguliwa likang'aa, lebo imebanduliwa. Mama wa nyumba alisema bado hajalitumia, ndiyo kwanza anasubiri mvua. Namwamini, kwa kuwa ndani palikuwa pakavu. Tulilirudisha, tukalitoboa kwa sururu pamoja na yale 9, na ya fundi nimempa mwenye mali siku 2 ayarudishe la sivyo tunazungumza lugha nyingine. Kwa mkaguzi, mfungashio mtupu wa kemikali ni kemikali. Uswahilini, pipa zuri ni pipa zuri, na sitamlaumu mama yule hata kidogo. Wa kulaumiwa ni aliyempa.

Saa 8 mchana

Nyarugusu, kwa wachimbaji wadogo wa Geita. Barabara ni vumbi, na kabla hujaona kitu unasikia karasha zikisaga mawe. Hapa hakuna anayetandaza vyeti mezani. Meza yenyewe hamna.

Kwa asiyejua: mawe yakishatoka duarani, yaani shimoni, yanasagwa, unga unaoshwa kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, na kinachonasa kwenye magunia kinakung'utiwa kwenye beseni. Humo ndimo zebaki inamotiwa. Zebaki inaishika dhahabu na kuliacha tope. Kinachobaki kinakamuliwa kwa kitambaa mpaka kuwe na kidonge cha rangi ya fedha, na karibu nusu ya uzito wa kidonge hicho ni zebaki tupu. Kinawekwa motoni. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 na kuondoka na hewa, isiyo na rangi wala harufu, na dhahabu inabaki.

Mwaloni, ndipo wanapooshea dhahabu, nimemkuta mama wa makamo, amechutama, mikono mitupu ndani ya beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ninyi ni wa madini au wa mazingira?"

"Wa kemikali."

"Aah." Akavuta kanga, ikafunika kichupa kilichokuwa miguuni pake.

Nilichutama naye. Baada ya maneno ya hapa na pale akanipa kichupa mwenyewe. Chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, zebaki kama kidole kimoja chini. Zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Chupa ile ikijaa inakaribia kilo 7, na mtu asiyeizoea akijaribu kuinyanyua anadhani imegundishwa mezani. Haina lebo, haina alama ya fuvu, haina jina la mwagizaji.

"Hii inatoka wapi mama?"

"Inaletwa."

"Na nani?"

"Na mtu."

Hapo ndipo kitabu changu cha stoo kinapoishia. Tani za sayanaidi nazifuatilia pipa kwa pipa, lakini zebaki inasafiri mfukoni mwa suruali.

Kijana mmoja pembeni akauliza kwa nini tunawasumbua kwa kitu ambacho bibi yake amekitumia miaka yote na hajafa. Ni swali la haki. Nimemweleza habari ya Minamata, mji wa pwani huko Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga maji machafu yenye zebaki baharini. Paka waliokula samaki ndio walioanza kuyumba na kuanguka, kisha watu, na watoto wakazaliwa na ulemavu kwa mama waliojiona wazima. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Mkataba wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Na si viwanda vya Ulaya vinavyoongoza siku hizi kwa zebaki inayoingia hewani, ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, karibu asilimia 38 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018. Nikamuuliza bibi yake mikono inatetemeka? Akacheka. Kisha akasema, kidogo, akishika kikombe.

Sikumwambia kwamba ni zebaki. Uzee nao unatetemesha. Nimemwambia ampeleke akapimwe mkojo hospitali ya mkoa, aeleze kazi aliyoifanya.

Sasa kuchoma. Mama alitaka kuchoma kidonge chake kwenye jiko la mkaa lililo nje ya chumba chake, juu ya bati, na pembeni kulikuwa na sufuria ya maharage yanayongoja zamu. Kuchoma kwenye makazi ni miongoni mwa mambo ambayo Mkataba unataka yakomeshwe. Nimeomba tuchomee kwenye retoti, mbali na nyumba. Kidonge ndani, kifuniko kikakazwa, moto chini, bomba likafungwa kitambaa chenye maji baridi, ncha yake ikakaa juu kidogo ya maji ya bakuli. Ncha isizame kamwe, kwa sababu chungu kikianza kupoa kitayavuta maji ndani ya chuma cha moto, na hapo utakimbia.

Watu walikusanyika, na nilichokitarajia kikatokea. Mwenye mawe, baba mmoja aliyekuwa ameketi kimya muda wote, akasimama. "Funua."

"Haifunuliwi baba, ndiyo maana yake."

"Dhahabu yangu imo humo. Nitajuaje haibaki humo?"

Kwenye semina tunasema wachimbaji hawatumii retoti kwa kukosa elimu. Si kweli. Juu ya bati wazi, kila mwenye mgawo anaiona dhahabu yake ikigeuka kutoka rangi ya fedha kuwa njano, na hakuna anayeweza kuficha hata chembe. Chungu kilichofunikwa ni chungu cha mashaka. Zipo retoti za kioo, ila zinapasuka, na bei yake si ya mwaloni. Mpaka tutakapokuwa na jibu kwa baba yule, vipeperushi vyetu ni vya kufungia karanga.

Nilichofanya ni kupima. Kidonge kilipimwa mbele yao kabla, dhahabu ikapimwa baada, na zebaki iliyodondoka kwenye bakuli ikapimwa pia. Jumla ikalingana isipokuwa tofauti ndogo sana. Baba akainama juu ya mzani akakubali. Mama yeye hakuwa na shida na dhahabu. Alikuwa anaitazama zebaki iliyorudi. "Kwa hiyo hii nilikuwa naichoma yote?" Zaidi ya asilimia 90 hurudi ukiifanya vizuri. Zebaki anainunua kwa fedha yake. Kuhusu mapafu nilikuwa nimeongea nusu saa. Kuhusu bei sikuhitaji hata sentensi.

Sikuichukua chupa yake. Najua wapo wenzangu watakaosoma hapa na kukunja uso. Nimewahi kuona chupa zikitaifishwa mwalo mzima, na matokeo yake yalikuwa bei kupanda na kichupa kuhamia chumbani, chini ya kitanda. Nimeandika maelezo yake, nimemkataza lile jiko, na retoti nimeiacha kwa kiongozi wa mwalo kwa saini.

Saa 10 jioni

Tukiwa tunaondoka, lori linapakia marudio. Ni lile tope lililobaki baada ya kuoshwa, na bado lina dhahabu, kwa hiyo wenye mwalo huliuza kwa wenye matangi ya sayanaidi. Namuuliza dereva anapeleka wapi. Ananitajia pale pale nilipokuwa asubuhi.

Karatasi zote za asubuhi zilikuwa safi, na ziko safi hadi sasa. Lakini tope hili limepita kwenye mabeseni yenye zebaki, na kulitia kwenye sayanaidi bila kwanza kuitoa zebaki ni jambo jingine ambalo Mkataba umelitaja kwa jina. Sayanaidi inaiyeyusha zebaki kama inavyoiyeyusha dhahabu, na ikishayeyuka inakwenda maji yanakokwenda: visimani, mabondeni, kwa samaki. Mwenye matangi hana kosa kwenye kitabu chake. Kitabu kinauliza ameingiza sayanaidi kiasi gani. Hakiulizi tope limetoka wapi.

Nimepiga simu. Alikasirika, akasema kila mtu Geita ananunua marudio, na hilo ni kweli. Tumekubaliana, kwa maandishi niliyomtumia papo hapo, kwamba mzigo huu utamwagwa kwenye sakafu ya zege chini ya turubai, usiingie tangini. Nimechota sampuli 4 sehemu tofauti za lori, nimezifunga lakiri.

Saa 2 usiku

Gesti, Katoro. Wali samaki, na ndiyo, nimekula samaki. Taarifa ya asubuhi imejaa kurasa 3. Ya mchana inagoma kwenye kisanduku cha "Muuzaji wa kemikali", kwa hiyo nimeandika kama nilivyoambiwa: "Mtu." Chini yake nimependekeza fomu ya wenye matangi iongezwe safu ya chanzo cha marudio, na kipimo cha zebaki kabla ya kupokea mzigo. Sampuli zinaondoka na basi la alfajiri kwenda maabara Mwanza. Fundi wa kuchomelea ametuma ujumbe kwamba pipa moja ameshalikata kuwa jiko.