Siagi ya karanga, mali kauli na mkopo wa kila wiki

Mjasiriamali mdogo wa Moshi au Arusha akiingia ofisini kwenu, maafisa wa biashara ndogo, kuomba msaada, neno la kwanza huwa ni mtaji. Maafisa wengi vijana hushika kalamu na kuanza kujaza fomu ya mkopo hapo hapo. Tulieni kwanza. Mwambieni alete bidhaa yenyewe, risiti za manunuzi ya mwisho (hata vikaratasi vya sokoni vinatosha) na orodha ya maduka anayoyadai. Hiyo orodha ya madeni ndiyo itakayowaambia kama anahitaji mkopo au la.

Tuchukue siagi ya karanga, bidhaa isiyokosekana kwenye meza za Nane Nane pale Themi, Njiro, Arusha. Bei nitakazotumia ni za mfano, wekeni za soko lenu. Mama ananunua kilo 20 za karanga zilizobanguliwa kwa sh. 4,000 kilo, jumla 80,000. Chupa 42 kwa sh. 700 ni 29,400. Anagawanya 109,400 kwa 42, anapata kama 2,600 kwa chupa. Dukani anapeleka kwa 3,500, basi anaamini ana faida ya 900.

Sasa rudini naye kwenye daftari. Lebo 42 kwa sh. 150 ni 6,300. Gesi 5,000, kusaga 6,000, chumvi na vidogo vidogo 1,000, bodaboda ya kusambaza madukani 6,000. Jumla imefika 133,700, na bado hajajilipa. Kuchambua, kukaanga, kumenya maganda na kufungasha ni kazi ya siku mbili. Mwekeeni 10,000 kwa siku. Inakuwa 153,700, yaani karibu 3,660 kwa chupa. Kila chupa inayotoka inamtia hasara ya sh. 160, na akizidisha uzalishaji anazidisha hasara. Huyu mkimpa mkopo mmemharakishia kufunga.

Angalieni pia zile chupa 42 zimetokana na nini. Kilo 20 hazitoi kilo 20 za siagi. Kilo moja hivi huondoka kwenye kuchambua, nyingine mbili huenda na maganda na unyevu wakati wa kukaanga, zinabaki 17, na chupa ni ya gramu 400. Anayepiga hesabu ya chupa 50 ameshakosea kabla hajawasha jiko.

Kwenye kuchambua hapo pana jambo zito kuliko faida. Karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu ndiyo inayobeba sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu), na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga nyingi zinazofika huku zinatoka kanda hiyo hiyo ya kati. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1. Mjasiriamali akiwaambia yeye hatupi hata punje moja, msimsifu kwa kubana matumizi. Karanga zilizochambuliwa zinatupwa kabisa, hazisagwi za kuku wala hazirudishwi sokoni.

Bei ya karanga hushuka baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, na kupanda mwishoni mwa mwaka. Akiweza kununua ya miezi mitatu wakati wa mavuno, hapo ndipo faida yake ilipo, kuliko hata kupandisha bei ya chupa. Sharti ziwe zimekauka sawasawa: unyevu usizidi asilimia 7 au 8, ukitikisa zilie, ngozi ichubuke kwa vidole. Zikae kwenye mifuko ya kinga njaa (isiyopitisha hewa), juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Mjini Moshi wakati wa masika ukuta unatoka jasho. Gunia lililoegemezwa hapo litaharibikia upande mmoja bila mtu kujua.

Malalamiko ya wateja nayo ni yale yale. Mafuta kuelea juu si kuharibika, lebo iandikwe “koroga kabla ya kutumia”. Ukungu chini ya kifuniko karibu kila mara unatokana na chupa iliyooshwa ikajazwa kabla haijakauka. Maji yasiingie kwenye siagi ya karanga, hata kijiko.

Turudi kwenye pesa. Maduka mengi yanachukua kwa mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa ukishauzika. Tuseme duka linalipa baada ya siku 30 na mama anatengeneza kila wiki. Kabla ya senti ya kwanza kurudi atakuwa ameshatoa mizigo minne na wa tano uko jikoni. Mara tano ya 133,700 ni 668,500, bila yeye mwenyewe kula. Hicho ndicho kiasi anachohitaji ili biashara izunguke, si namba aliyoisikia kwa jirani.

Mlinganishieni na mkopo wa 500,000 unaorejeshwa 600,000 kwa wiki 16, yaani 37,500 kila wiki. Marejesho yanaanza wiki ya kwanza na duka linalipa wiki ya tano. Ameshatoa 150,000, na zimetoka wapi? Kwenye mkopo wenyewe. Zilizobaki 350,000 zinatosha mizigo miwili na nusu. Wiki ya sita anakopa kausha damu (mkopo wa riba kubwa) kulipa mkopo huo, na tunasema mama huyu hana nidhamu ya fedha. Mkopo wa kila wiki unamfaa mama lishe wa soko la Kilombero, Arusha, anayeuza na kulipwa siku hiyo hiyo. Mtu wa mali kauli anahitaji marejesho ya mwezi na angalau mwezi mmoja wa kupumua.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Tatizo lake ni vikundi vinavyoundwa wiki ya kuomba. Ulizeni kikundi kilishawahi kuweka akiba pamoja hata miezi sita. Kama hapana, kianzie hapo.

Karatasi ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA ambayo ni bure, leseni halmashauri. Alama ya ubora ni TBS (shirika la viwango), ambao tangu 2019 wanashughulikia pia usalama wa chakula. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO (shirika la viwanda vidogo) achukue barua ya utambulisho. Asichapishe lebo 5,000 kabla ya ukaguzi. Zitakosa namba ya bachi (ya mzigo) au anwani, na zote zitakuwa taka.

Bei ya jumla ikipanda hadi 4,500, mzigo unaacha 35,300 baada ya gharama zote. Duka likikataa, ajaribu kuungana na wenzake kuagiza chupa kwa katoni kutoka Dar es Salaam, kwani vifungashio vya rejareja ndivyo vinavyomla. Kwa Moshi akumbuke chupa za Desemba ziagizwe Novemba, kabla Wachaga hawajapanda nyumbani kwa Krismasi, na Januari apunguze mzigo maana hela zote zimeenda kwenye ada. Duka likipitisha siku 45 bila kulipa, mzigo unaofuata usiende. Chupa zilizobaki rafuni azichukue mwenyewe miezi miwili kabla ya tarehe ya kuisha, azimalizie soko la Mbuyuni kwa bei ya punguzo, taslimu.